Ndugu wa Mikoa Miwili

Alasiri, nyumba za mtaa wa Al-Safa zinapofunga mapazia na Jeddah nzima kujilaza, Hajja Zulaikha alikuwa akirudi China. Hakuhitaji pasipoti. Alilala ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, kiyoyozi kikinong'ona juu yake, na Roseline, aliyeketi karibu na kitanda akikunja nguo, aliiona midomo ya bibi kizee ikianza kucheza. Kwanza kilitoka Kiarabu, lugha aliyoizungumza tangu usichana wake. Kisha Kiarabu kikapungua polepole, na chini yake kikajitokeza Kichina cha utotoni, ambacho hakuna mtu mwingine aliyekielewa katika nyumba ile.

Majirani waliiita nyumba ya al-Sini, yaani ya Mchina, ijapokuwa mwenye nyumba, Baba Hisham, alizaliwa Jeddah na hakuweza hata kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya mama yake. Roseline alikuwa ameletwa kutoka Kenya kumtunza huyo mama. Mwanzoni kazi ilikuwa kupika uji wake, kumwogesha na kumtembeza uani. Siku hizi kazi kubwa ilikuwa kumngojea. Hajja aliondoka alasiri na kurudi jioni, na anayerudi kutoka safari ndefu hupenda kumkuta mtu.

"Nimemwona baba," alisema mara nyingi alipofumbua macho. "Alikuwa anafuta ukuta tena."

Roseline alimwinua, akampangia mito mgongoni, akampa chai. Ndipo Hajja, kwa Kiarabu chepesi alichomchagulia mgeni wake, alipomsimulia habari za ukuta.

Baba yake alikuwa mwalimu katika mji wa Xining, mbali sana magharibi mwa China, juu kwenye nyanda za baridi ambako Waislamu walikuwa na misikiti yao na masoko ya sufu. Alikuwa mtoto mdogo wakati mfalme wa mwisho aliposhushwa kitini na nchi ikatangazwa kuwa jamhuri. Habari ilichelewa kupanda milima. Kwa muda watu wa Xining waliendelea kuishi chini ya mfalme ambaye hayupo tena, wakimwogopa vilevile.

"Jamhuri ilipotufikia," Hajja alisema, "ilianza na majina."

Mji wao ulikuwa makao ya *fu*, wilaya kubwa ya zama za wafalme, ndani ya mkoa wa Gansu. Jamhuri ikazifuta *fu* zote. Badala yake ikaweka *dao*, kundi la wilaya chini ya mkoa, na kibao cha lango la serikali kikapigwa rangi upya. Watu walipoanza kuzizoea, *dao* nazo zikafutwa. Kaskazini, maeneo ya mpakani yaliyokuwa chini ya wanajeshi yakapandishwa kuwa mikoa kamili. Mji mkuu wa kaskazini ukanyang'anywa cheo, na pamoja na cheo ukanyang'anywa jina. Halafu siku moja Gansu yenyewe ikakatwa. Upande wao wa magharibi ukaunganishwa na malisho ya Watibeti na Wamongolia, ukawa mkoa mpya ulioitwa Qinghai, kwa jina la ziwa kubwa la chumvi, la buluu, lililoko huko juu.

Mwalimu alikuwa ameichora nchi yote ukutani mwa sebule yake, kwa mkaa juu ya chokaa, kwa sababu vitabu vya shule vilichelewa kuliko serikali. Kila jina lilipobadilika alilowesha kitambaa, akafuta, akachora tena. Mkaa haufutiki wote. Kadiri miaka ilivyokwenda ukuta ule ukawa na mipaka juu ya mipaka, mingine myeusi, mingine ya kijivu, mingine kama moshi tu, na watoto wake wakajifunza kuisoma yote kwa pamoja.

"Kaka yangu alizaliwa Gansu," Hajja alisema, na hapo kila mara alitabasamu. "Mimi nikazaliwa Qinghai. Chumba kilekile, kitanda kilekile, mama yuleyule. Baba alisema mpaka ulipita juu ya mto wa kulalia."

Walipogombana utotoni, kaka mtu alimwita mgeni, mtu wa mkoa uliozaliwa jana. Naye alimwita kaka yake masalio.

Waliondoka China wakiwa vijana, mwaka ambao serikali ya jamhuri ile ilianguka China bara. Baba yao aliwachukua kwenda hija na hawakurudi. Nyumba waliwaachia jamaa waitunze. Kaka aliishi Jeddah na dada yake, kisha akahamia Riyadh kikazi, akaoa huko.

Roseline alijua sehemu iliyobaki, ila hakuisikia kwa Hajja. Aliisikia kwa Protus, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzake aliyekaa na familia ile muda mrefu kuliko yeye.

"Huyo kaka anaitwa Haji Idris, na yuko hai," Protus alimwambia siku moja akiosha gari. "Lakini hawajaongea tangu kitambo, dadangu. Mzee alirudi China kutembea, milango ya nchi ilipofunguliwa. Aliporudi akaja hapa moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Hajja akamuuliza, nyumba iko aje? Akasema hakuna nyumba, wamepitisha barabara. Akamuuliza, na ukuta? Akasema, ukuta gani sasa, Zulaikha, nimekwambia hakuna nyumba. Basi. Halas. Akamwonyesha mlango."

"Kwa sababu ya hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu. Kabla aseme, kwa Hajja nyumba ilikuwa imesimama."

Roseline alilifikiria jambo hilo siku kadhaa. Yeye alilelewa na nyanya yake, muumini wa Kanisa la Marafiki, mwanamke aliyeweza kurudi sokoni kwa miguu kumwambia muuzaji kwamba alikosea kwa kumzidishia vitunguu. Nyumbani kwao uongo haukuwa na saizi, mdogo wala mkubwa. Kwa hivyo moyoni aliegemea upande wa kaka. Mtu aliulizwa, akajibu. Alikosa wapi?

Lakini sasa Hajja mwenyewe alikuwa amesahau kwamba amekasirika. Ugonjwa wake wa kusahau ulimla kuanzia mwisho kuja mwanzo. Uliondoa miaka ya karibuni, ukaondoa kifo cha mumewe, kisha ukaiondoa ile hasira, na nyuma ya hasira kaka alikuwa amesimama palepale, kijana, akiwa na kofia nyeupe.

"Kaka yuko wapi?" alianza kuuliza. "Yule wa Gansu. Mbona haji?"

Aliuliza wakati wa chai, aliuliza akiogeshwa. Siku moja alikataa kula mpaka aje. Roseline akamfuata Baba Hisham, mhandisi mpole wa makamo aliyekuwa karibu kustaafu, akamkuta ukumbini na magazeti yake.

"Baba, samahani. Kwa nini tusimpeleke Riyadh?"

Aliinua miwani. "Unaijua ile habari?"

"Naijua."

"Basi fikiria. Tumfikishe mlangoni, halafu dakika ileile akumbuke. Amwonyeshe mlango tena, na safari hii mlango ni wa mjomba mwenyewe. Wazee wawili, Roseline. Hawatapata nafasi nyingine ya kusameheana."

"Na tusipompeleka, watapata?"

Alirudia gazeti, lakini hakugeuza ukurasa. Jioni alisikika akizungumza kwa simu, sauti yake imekuwa ya mtoto anayezungumza na mkubwa wake.

Waliondoka asubuhi baada ya swala, Protus kwenye usukani, Baba Hisham kando yake, Hajja na Roseline nyuma na mito yao. Hajja alikuwa amekataa ndege. Jeddah ilikuwa bado imejifunika mvuke wa bahari. Gari lilipoanza kuukwea mlima wa kuelekea Taif, barabara ikijikunja na kujikunjua, nyani waliketi kwenye kuta za kingo wakiwatazama kama waliokuwa wakiwatarajia. Hewa ikapoa. Protus alizima kiyoyozi, akateremsha vioo.

Hajja aliamka. Alinusa.

"Tumeanza kupanda," alisema.

"Ndiyo, Hajja."

"Tukifika juu, msiongee kwa nguvu. Farasi wa watu wanashtuka."

Baada ya Taif nchi ilitandazika tambarare, bila mti, kijivu na hudhurungi hadi mahali ambapo vumbi liliifuta mbingu. Haikujulikana ardhi imeishia wapi. Roseline alisinzia, akaamka, akasinzia tena, na kila alipoamka nje palikuwa vilevile, kana kwamba gari lilikuwa limesimama na saa ndizo zilizokuwa zikipita. Mara moja alimkuta Hajja amebandika kiganja kiooni.

"Kondoo wetu wapo wapi?" aliuliza.

Roseline alitaka kusema kwamba hapa si kwao. Badala yake alitazama nje pamoja naye, akawatafuta.

Haji Idris aliishi Al-Shumaisi, katikati ya Riyadh, orofa ya chini ya nyumba kongwe iliyokuwa imezungukwa na vyumba vya vibarua na maduka ya washonaji. Watoto wake walikuwa wamehamia mitaa mipya, wakamsihi awafuate, akakataa. Walipofika alikuwa ameketi nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki, kanzu imepigwa pasi, fimbo katikati ya magoti. Jirani mmoja alisema alikuwa pale tangu asubuhi.

Protus na Roseline walimshusha Hajja, wakamshika huku na huku. Baba Hisham alibaki karibu na gari. Mikono yake ilikuwa haijui pa kwenda.

Hajja alimtazama yule mzee aliyekonda, mwenye ndevu chache nyeupe. Alimtazama muda mrefu. Pikipiki ya kupeleka vyakula ilipita kati ya kuta, sauti yake ikafifia, na bado alikuwa akimtazama.

"Wewe nani?" aliuliza.

Haji Idris alijiinua kwa fimbo. Angeweza kutaja jina lake.

"Mtu wa Gansu," alisema.

Uso wa Hajja ulitulia, halafu kitu kikapita ndani yake, kama mtu anayepita na taa ndani ya nyumba.

"Mimi wa Qinghai," alisema.

"Basi wewe ni mgeni. Ingia."

Akaingia. Baba Hisham aligeukia gari na kujifuta macho kwa ncha ya shemagh, kitambaa chake cha kichwani, na Protus akajitia kukagua magurudumu.

Ndani kulikuwa na zulia, matakia na harufu ya udi. Ndugu wawili waliketi bega kwa bega na kuzungumza Kichina, mwanzoni kwa vipande, halafu kwa mkondo. Roseline alileta chai. Aliona Haji Idris akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha Hajja akauliza jambo kwa Kiarabu, pengine kwa sababu lile lilikuwa ni jambo la Kiarabu, lililotokea Jeddah.

"Na ukuta upo?"

Kila mtu chumbani alilielewa swali hilo. Baba Hisham aliweka kikombe chini. Haji Idris alifumba macho.

"Upo," alisema. "Una vumbi tu."

"Uufute taratibu," Hajja alisema. "Usije ukaondoa ya chini."

Ilikuwa wakae usiku mmoja. Asubuhi Hajja hakutaka hata kusikia habari ya gari, kwa hiyo Baba Hisham na Protus walirudi Jeddah, na Roseline akabaki na wazee. Siku zikawa ndefu na laini, bila pembe. Nje cherehani zilikuwa zikikimbia. Ndani, mwanga wa dirishani ulikuwa ukihama polepole kwenye zulia, na wazee nao wakihamisha matakia kuufuata. Roseline alipika uji wa mchele jinsi Haji Idris alivyomwelekeza. Saa nyingine alikuwa hajui kama ameota kitu au amekiona.

Siku moja Haji Idris alimnong'oneza amletee vipande vya mkaa wa kufukizia udi, vile ambavyo havijawashwa, na kitambaa chenye maji. Alisimama mbele ya ukuta mweupe wa sebule. Akaanza.

"Hapa Gansu," alisema, akavuta mstari mrefu kama mfupa wa paja. "Ya zamani. Na sisi humu ndani."

"Zamani sana," alisema Hajja kutoka kwenye takia. "Futa."

Alifuta. Akachora tena, Gansu ikiwa fupi, na kando yake Qinghai, pana, na ndani yake ziwa. Hajja alidai ziwa lisogezwe. Akalisogeza. Alidai na yeye ashike mkaa. Roseline alimwinua, akamshika kiuno kwa nyuma, na bibi kizee akachora mipaka ya mikoa ya kaskazini iliyopandishwa vyeo alipokuwa hajazaliwa bado, akiitaja mmoja mmoja kwa wimbo wa darasani: Rehe, Chahar, Suiyuan. Kaka mtu aliitikia. Vumbi jeusi liliwaangukia miguuni. Walipochoka ukuta ulikuwa umejaa mistari na kivuli cha mistari, na wote watatu walikuwa weusi mikononi.

Jioni ile, Hajja alipolala, Roseline hakuweza kujizuia.

"Haji, naomba kuuliza. Kwa nini ulimwambia ukuta upo?"

Mzee alikuwa akisugua vidole vyake ndani ya beseni. "Unaona nilikosea?"

"Kwetu tunafundishwa kusema kweli."

"Na mimi pia." Alivitoa vidole majini. "Niliposema kweli, Zulaikha alikuwa na nguvu za kuikasirikia. Aliishika hasira yake miaka mingi, ikamsimamisha. Leo nikimpa kweli ileile, ataiweka wapi? Hana pa kuishikilia."

Roseline alimwaga maji machafu uani, akabaki amesimama na beseni tupu. Hakuwa amekubali. Hakuwa amekataa pia.

Haji Idris alifariki kabla ya majira ya joto kuisha, alasiri, akiwa amelala kwenye zulia na mwanga umemfikia kifuani. Hajja alikuwa kando yake. Alimfunika kwa shali yake na kumwambia Roseline asimwamshe, amechoka kwa kutembea.

Wanawe walikuja, akazikwa siku ileile, na kwa siku za matanga nyumba ilijaa watu. Hajja alipokea mikono ya watu kwa heshima, akiuliza kimyakimya aliyekufa ni nani. Kisha Protus akaja kuwachukua.

Jeddah swali lilianza upya. "Kaka yuko wapi?"

Roseline alikuwa amejiandaa. Alipiga magoti, akamshika mikono, akamwambia kweli kwa upole wote aliokuwa nao. Hajja alilia. Alilia kwa sauti nyembamba, ya msichana, mpaka akalala kwa uchovu. Roseline alijiambia kwamba hata hivyo ni haki yake kulia.

Asubuhi iliyofuata aliuliza tena. Roseline akasema tena, na kilio kikaja kipya, kana kwamba cha jana kilikuwa cha mtu mwingine. Siku ya pili yake vilevile. Madam, mkewe Baba Hisham, alisimama mlangoni na mkono mdomoni. "Haram, Roseline," alisema taratibu. "Unamzika kila siku."

Siku hiyo, baada ya chai, swali lilipokuja, Roseline alikaa na kikombe mkononi. Alimkumbuka nyanya yake akirudi sokoni juani. Alihisi yule mwanamke mzee amesimama nyuma ya bega lake, na hakujua angesema nini.

"Amelala, Hajja," alisema. "Amechoka kwa kutembea."

"Ah." Hajja akalegeza mabega. "Usimwamshe."

Roseline aliingia jikoni, akawasha bomba la maji, akalia yeye.

Tangu hapo alikuwa akijibu hivyo, na Hajja akaridhika, na mwisho akaacha kuuliza. Majira ya baridi yalipoingia, yale mafupi ya Jeddah ambayo watu huyangojea mwaka mzima, walikuwa wakikaa uani asubuhi. Hajja alizungumza kidogo. Macho yake yalikuwa yamesafika. Siku moja aligeuka akamtazama Roseline kama mtu aliyemgundua sasa hivi.

"Na wewe, mwanangu, ulizaliwa wapi?"

Kwa miaka yote ile hakuwahi kumuuliza.

"Kenya, Hajja. Kijijini, upande wa magharibi. Nilipozaliwa palikuwa wilaya ya Kakamega."

"Na sasa?"

"Sasa ni Vihiga. Ilikatwa nilipokuwa mdogo. Wilaya mpya, baadaye ikawa kaunti." Alisita, kisha akacheka, kwa kuwa hakuwahi kulifikiria hivyo. "Mimi ni wa Kakamega. Mdogo wangu Shirleen ni wa Vihiga. Kitanda kimoja."

Hajja alipiga makofi mawili madogo, bila sauti karibu. "Na nani aliwachorea?"

"Hakuna. Tulisikia redioni. Nyanya alikataa. Akiulizwa anatoka wapi anasema Kakamega, mpaka leo, hata kama aliyemuuliza ni chifu."

"Mwache aseme," Hajja alisema. Akafikiri. "Huyo mdogo wako. Mnagombana?"

"Hatuongei sana. Niko mbali."

"Gombaneni kidogo," alisema Hajja Zulaikha, akafumba macho kuota jua.

Alifariki mwezi uliofuata, usingizini. Baba Hisham alimwomba Roseline abaki kuwalea wajukuu zake, naye akaomba kwanza ruhusa ya kwenda nyumbani, akapewa. Lakini kabla ya hayo yote, asubuhi ileile ya mazungumzo uani, alipohakikisha Hajja amelala, alitoa simu mfukoni. Shirleen aliitika kwa mshtuko, kwani haikuwa siku yao ya kupigiana, akataka kujua nani amekufa.

"Hakuna mtu," Roseline alisema. "Nataka tu kukuuliza, wewe mgeni, nyanya ameamkaje?"

"Mgeni wa nani?" sauti ya Shirleen ilipanda, tayari kwa vita, na nyuma yake Roseline akasikia kuku, na mlango, na nyanya yake akiuliza ni nani huyo kwenye simu.